Tofali la chai la bamkubwa, na chai ilivyotufikia Singida

Wadau, nimekuwa kimya mno na wengine mmeanza kuniulizia kama bado nipo. Nipo. Nilikuwa nyumbani Singida, huko mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiyependa kukaa, halafu nilikuwa na kesi ya familia. Kesi yenyewe ilihusu chai. Sizungumzii chai ya kumpa mtu mezani ili faili lako lisogee, hiyo tumeshaiandika sana humu. Nazungumzia majani ya chai yenyewe, yaliyobanwa yakawa kama sahani, ambayo bamkubwa wangu amekuwa akiyatunza tangu mwaka 2007.

Kisa kilianza kwa simu. Bamkubwa aliniuliza kama ni kweli Wachina wananunua chai ya zamani kwa mamilioni. Nikamwambia nimewahi kusikia hivyo. Akanyamaza kidogo, akasema basi mwanangu tumeshapata, kuna kijana yuko Dar ameona picha ya chai yangu, anasema ina thamani ya milioni kumi na mbili. Kinachotakiwa ni laki tatu tu za vipimo na kibali. Ijumaa nampeleka ng'ombe mnadani.

Nadhani mnanielewa kwa nini nilipanda basi siku iliyofuata.

Bamkubwa alikuwa dereva wa tipa kwenye kambi ya barabara miaka ile ya 2000 lami ilipokuwa inasogea upande wetu. Kambini kulikuwa na Wachina wengi, na mmoja wao, fundi wa mitambo, walikuwa wakisikilizana naye sana ingawa maneno waliyokuwa nayo kwa pamoja hayakuzidi hamsini. Siku fundi yule anarudi kwao akampa bamkubwa zawadi: kitu cha mviringo, kipana kama sahani ya bati, kimefungwa kwenye karatasi nyembamba yenye maandishi ya Kichina. Akamwonyesha kwa vidole kwamba ni cha kunywa. Kisha akafanya ishara ya kulala, mkono chini ya shavu. Bamkubwa akaelewa kwamba ni dawa ya usingizi. Leo naamini fundi yule alikuwa anasema: kiache kilale.

Mama mkubwa alijaribu kuipika mara moja. Alivunja kipande kwa mchi, akachemsha na maziwa na sukari kama tunavyopika majani yetu, wakapata kitu chenye rangi ya matope na harufu ya udongo. Wakasema imeoza. Kutupa zawadi ya mtu haikuwezekana, basi ikawekwa kwenye sanduku la bati, na baadaye sanduku lilipopata kazi nyingine ikapandishwa darini jikoni, pamoja na mbegu za mahindi na uwele zinazolindwa na moshi dhidi ya wadudu. Huko ndiko ilikokaa miaka yote hii.

Nilipoishika mkononi mara ya kwanza nilijiuliza swali ambalo limenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia. Mkoa wetu haulimi chai hata shina moja. Tuko kwenye meta 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima ni milimita 600 au 700 ikijitahidi. Sisi ni watu wa uwele, mtama, alizeti, vitunguu, kuku na asali. Hata hivyo nenda nyumba yoyote, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni, asubuhi utaulizwa kama umekunywa chai, hata kama kwenye kikombe utakuta uji. Majani haya yalitufikiaje?

Nianze na njia. Reli ya kati inayopita Manyoni na Itigi imefuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya karne ya 19, ile iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Unyamwezi mpaka Tabora na Ujiji. Katikati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori lililoogopwa kuliko yote, Mgunda Mkali. Kwa ramani ya leo pori lile liko kwa sehemu kubwa ndani ya mkoa wetu, upande wa Manyoni na Itigi. Vichaka vya Itigi vinavyoshikana mpaka mtu hapiti bila panga ni mabaki yake. Maji yalikuwa haba, tembo walikuwa wengi, na wapagazi walikuwa wakiharakisha mwendo ili watoke upande wa pili kabla maji ya vibuyu hayajaisha.

Pagazi mmoja alibeba kilo thelathini na kitu: pembe za ndovu kwenda pwani, nguo, shanga na nyaya kurudi bara. Richard Burton na John Speke walipopita hapa mwishoni mwa 1857, na Henry Stanley alipopita 1871, walikuwa na chai katika mizigo yao. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba majani ya chai yalipita Mgunda Mkali kichwani kwa Mnyamwezi miaka mingi kabla ya mtu yeyote wa Singida kuonja kikombe. Yalikuwa chakula cha bwana wa msafara. Waarabu wa Tabora walikuwa watu wa kahawa. Wenyeji walikuwa na pombe ya mtama, maziwa, na pombe ya asali, na hakuna aliyekuwa anasubiri majani makavu kutoka Bara la Asia.

Sasa ukitazama upande wa pili wa dunia, miaka ileile, kulikuwa na misafara mingine. Katika jimbo la Yunnan, kusini magharibi mwa China, mafarasi na nyumbu walikuwa wakipanda milima kupeleka chai Tibet, kwa njia ambayo siku hizi inaitwa Njia ya Chai na Farasi. Chai ya majani matupu inajaza gunia bila uzito wa maana na inasagika njiani. Kwa hiyo walikuwa wanaifukiza kwa mvuke ilainike, wanaibana kwenye mfuko wa kitambaa mpaka inakuwa kama mkate, wanaianika. Ukigeuza tofali la bamkubwa, nyuma kuna shimo katikati. Nilidhani ni panya. Kumbe ni alama ya fundo la kile kitambaa.

Soko la chai hiyo lilikuwa mji wa Pu'er, na chai ikabaki na jina la mji. Serikali ya nasaba ya Qing iliweka utaratibu mwaka 1735: mikate saba kwenye fungu moja. Utaratibu huo upo mpaka leo. Mkate mmoja kwa kawaida ni gramu 357, saba ni kilo mbili na nusu, zinafungwa kwa maganda ya mianzi, na mafungu kumi na mawili yanafanya kapu la kilo 30 hivi. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu. Kilo thelathini! Karibu mzigo uleule wa pagazi wa Mgunda Mkali, ingawa wao walimpa nyumbu makapu mawili, moja kila ubavu, na sisi tulimpa binadamu.

Wasimulizi wa Yunnan hupenda kusema kwamba chai ilibadilika njiani yenyewe, kwa jasho la nyumbu, mvua na jua, na watu wa mwisho wa safari wakazoea ladha ile kuliko ya chai mpya. Sijui kama ndivyo ilivyoanza, lakini sayansi yake ipo. Chai ya pu'er hukaangwa kidogo tu kwenye sufuria kubwa, kisha huanikwa juani. Joto halifiki mahali pa kuua kila kitu ndani ya jani. Kwa hiyo jani linabaki na uhai kidogo, na vijidudu na hewa na unyevu vinaendelea kulifanyia kazi polepole kwa miaka. Ukali unapungua, rangi inaingia wekundu, na ladha inatulia.

Chai yetu haina bahati hiyo. Wajerumani waliijaribu kwenye kituo chao cha Amani huko Usambara mwaka 1902, na Rungwe mwaka 1904. Kilimo cha biashara kilianza baadaye, 1926, wakati wa Waingereza, kikapanuka Mufindi, Usambara na Rungwe katika miaka ya 1930. Sehemu kubwa ya mbegu ilikuwa ya aina ya Assam, ile yenye majani mapana, na hapa kuna jambo lililonifurahisha: hiyo ndiyo aina ileile ya Yunnan. Mti wa Mufindi na mti wa pu'er ni ndugu wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni kiwanda. Chai yetu karibu yote hupitishwa kwenye mashine za CTC, zinazoliponda jani, kulichana na kulikunja kuwa punje, kisha linaachwa lijigeuze rangi kwa saa chache na kukaushwa kwa moto mkali. Linatoa rangi haraka, linavumilia maziwa na sukari, na linaanza kuchakaa siku linapotoka kiwandani. Pakiti ya miaka miwili ni vumbi. Kumwambia mtu wa Singida kwamba kuna chai inayopanda bei kwa kuzeeka ni kama kumwambia kuna nyanya za hivyo.

Na jinsi ilivyotufikia sisi? Hapa vitabu vinanyamaza, wazee ndio wanaosema. Babu zetu walikuwa wakienda manamba. Kodi ya kichwa ililazimisha vijana wa Kinyaturu na Kinyiramba kutembea mpaka kwenye mashamba ya mkonge Tanga na mashamba ya walowezi kaskazini, na walirudi na blanketi, sufuria, birika, na mazoea. Wazee wa kijijini kwetu wanasimulia kwamba chai ya kwanza kuonekana ilikuwa kwenye mzigo wa mtu aliyetoka mkonge, na kwamba aliipika usiku ili wasimwombe wote. Maduka ya Wahindi na Waarabu mjini yakafanya mengine: fungu dogo la majani kwenye karatasi iliyosokotwa, na sukari ya senti chache. Kulikuwa hata na reli ya tawi kutoka Manyoni mpaka Kinyangiri, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Vijana wengi wa leo hawaijui, kwa sababu ilipofika miaka ya 1940 Waingereza waliing'oa, mataruma yakaelekea kusini kwenye ule mradi wao wa karanga ulioshindikana. Singida ikakaa bila treni mpaka ilipojengwa tena miongo kadhaa baadaye. (Siku moja nitaandika juu ya reli ile peke yake, maana hasira ninayo ya kutosha.)

Wachina nao hawakuanza kutufikia na barabara ya bamkubwa. Mkataba wa reli ya TAZARA ulisainiwa Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza rasmi 1970, na kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi zikakabidhiwa mwaka 1976. Jambo ambalo halitajwi sana ni jinsi gharama za hapa ndani zilivyolipwa. China ilitoa mkopo usio na riba, na sehemu ya mkopo huo ilikuja kwa njia ya bidhaa. Serikali zetu zilichukua bidhaa za Kichina, zikaziuza madukani, na shilingi zilizopatikana ndizo zilizolipa mishahara ya vibarua na gharama nyingine za reli. Ndiyo maana nyumba nyingi za umri fulani zina kitu cha Kichina cha miaka ile.

Nyumbani kwa bamkubwa ni chupa ya chai. Mnaijua: ya bati, imechorwa maua mekundu, kizibo cha gome ndani na kikombe cha bati juu. Ameirithi kwa babu. Kwa mawazo yangu chupa ile ilibadilisha maisha ya kijijini kuliko hotuba nyingi. Kabla yake chai ilinywewa palepale ilipopikwa, ikipoa basi. Baada yake mgeni akija saa nne anakuta chai ya alfajiri bado ya moto, na ugeni wenyewe ukabadilika, kwamba usiye na chupa mezani huna cha kumkaribishia mtu. Halafu ikaja miaka ya 1980 mwanzoni, baada ya vita vya Kagera, sukari ikawa kama dhahabu. Majani yalikuwepo kwa sababu tunayalima wenyewe, lakini sukari ilikuwa ya foleni na kibali cha balozi wa nyumba kumi. Mama mkubwa anasema sisi wa Singida tuliumia kidogo kuliko wengine kwa kuwa asali tulikuwa nayo. Chai ya asali ya nyuki wadogo, anasema, ilikuwa chai ya shida, leo nyie mnaiita ya afya na mnainunua ghali.

Nirudi kwenye tofali.

Nilipofika nilimkuta bamkubwa ameketi nje, tofali liko mapajani limefungwa kwenye kanga mpya. Shikamoo, marahaba, habari za Dar, nzuri. Hakutaka hata ninywe maji. Nikapiga picha karatasi pande zote, nikamtumia rafiki niliyesoma naye sekondari, ambaye alikaa Kunming miaka sita akisomea udaktari na anasoma Kichina vizuri. Tukakaa tukisubiri. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye mti, anatutazama.

Kabla hajajibu nilimweleza bamkubwa ninachojua kuhusu ununuzi. Ni kweli kuna mikate ya pu'er inayouzwa minadani Hong Kong na China kwa bei ya nyumba. Lakini hiyo ni ya mwanzoni mwa karne iliyopita, kutoka nyumba za biashara ambazo majina yake yanajulikana, na kila mkate una ukoo: nani aliununua, uliwekwa wapi, ulipitia mikono ya nani. Bila ukoo huo mnunuzi hakuamini, maana karatasi za kughushi ni nyingi kuliko chai. Kilichowapa watu wazimu ni miaka ya 2000. Watu wa mijini China waligundua kwamba chai inayozeeka inaweza kuwekwa kama akiba, wakaanza kununua bila kunywa, bei zikapaa mwaka hadi mwaka, wakulima wa Yunnan wakajenga nyumba. Mwaka 2007 bei zikaporomoka kwa miezi michache, na watu wengi wakabaki na mafungu ya chai ambayo hayakurudisha hata nusu ya fedha yao.

Bamkubwa akauliza: mwaka gani?

2007, nikamwambia.

Akatazama tofali. Mwaka ambao fundi yule alimpa zawadi ndio mwaka ambao chai ile ilikuwa inakimbiwa na kila mtu kwao. Sidhani kama fundi alikuwa na habari na masoko, lakini bamkubwa alichukua muda kulimeza hilo.

Ujumbe ukaja jioni. Rafiki yangu alikuwa ameandika mambo matatu. Kwanza, ni pu'er kweli na ni ya Yunnan, karatasi inasema hivyo na tarehe ni ya mwaka 2006. Pili, ni ile inayoitwa shu, yaani iliyoivishwa. Tatu, ni chai ya kiwanda ya kawaida, iliyotengenezwa kwa maelfu, na hata ingetunzwa vizuri isingefika bei ya mbuzi mmoja wa mnadani.

Hiyo shu inahitaji maelezo, maana ndiyo iliyomaliza habari ya mamilioni. Hong Kong walikuwa wamezoea chai iliyozeeka kwenye maghala yao ya joto na unyevu, na walitaka nyingi kuliko miaka ilivyoweza kutoa. Mwaka 1973 mafundi wa viwanda vya Yunnan, Kunming na Menghai, walipata njia ya mkato. Walilundika majani kwa marundo makubwa, wakayamwagia maji, wakayafunika, yakapata joto yenyewe kama rundo la samadi, wakayageuza kila baada ya siku kadhaa. Kwa mwezi mmoja na nusu au miwili likapatikana jani jeusi lenye utulivu unaofanana na wa chai ya miongo. Chai hiyo haingoji sana, inaboreka kwa miaka michache ya mwanzo harufu ya rundo inapotoka, baada ya hapo mabadiliko ni madogo. Ile nyingine, sheng, mbichi, ndiyo inayowekwa miaka ishirini au thelathini. Kwa hiyo Wachina wale wa TAZARA walipokuwa wanalaza mataruma Mlimba na Makambako, wenzao Yunnan walikuwa wanafunika marundo ya chai. Sina la kusema zaidi juu ya hilo, nimelipenda tu.

Kuhusu utunzaji, bamkubwa alifanya mema na mabaya. Chai hii haitaki jua wala harufu, inataka hewa kidogo na unyevu wa wastani. Ikikauka mno inalala tu bila kubadilika, ikilowa inaota ukungu. Hewa ya Singida kuanzia Juni mpaka Oktoba inakausha mpaka midomo inapasuka, kwa hiyo hata kama ingekuwa sheng ingekuwa imesinzia nusu ya kila mwaka. Tanga au Unguja ingezeeka haraka, na pengine ingeoza haraka pia. Sanduku la bati halikuwa baya. Kosa lilikuwa dari. Jani la chai linanyonya harufu kama pamba inavyonyonya maji, ndiyo maana Wachina wanaweza kulitia harufu ya maua ya asumini kwa makusudi. La bamkubwa limenyonya moshi wa kuni za miaka zaidi ya kumi. Ajabu ni kwamba huko Fujian kuna chai inayofukizwa moshi wa misonobari kwa makusudi na Wazungu wanainunua kwa bei nzuri. Nilimwambia hilo kumfariji. Hakufarijika.

Kijana wa Dar akapiga simu tukiwa bado tumekaa. Nikaomba nizungumze naye. Nilimuuliza kibali ni cha taasisi gani, vipimo vinafanyika wapi, na chai yenyewe ni sheng au shu. Alijibu la kwanza kwa kusema mimi ni nani, la pili kwa kupandisha sauti, na kwa la tatu akakata. Wadau, kama mna wazazi wenye vitu vya zamani darini, sarafu za Mjerumani, redio, cherehani, hawa vijana wanazunguka. Wanaomba picha kwanza, wanataja bei inayomwondolea mtu usingizi, kisha wanaomba kidogo. Ng'ombe alifunguliwa akarudi zizini.

Usiku ule bamkubwa hakula vizuri. Alikuwa ameshagawa zile milioni kumi na mbili kichwani: bati za nyumba ya binti yake, kisima, deni la mtu. Nikaona kuliko kukaa tukiitazama, tuinywe. Alikataa. Akasema zawadi ya miaka yote hiyo huwezi kuivunja kwa sababu haina bei. Mama mkubwa ndiye aliyesema, sasa ilikuwa ya nini kama si ya kunywa, mwenyewe alikuonyesha kwa vidole.

Tukaifungua asubuhi. Usitumie mchi. Chukua kisu chembamba kisicho kikali sana, ingiza ubavuni, inua taratibu ili majani yatoke kwa matabaka bila kusagika. Nilitoa kiasi cha kujaza kijiko kikubwa, gramu sita au saba hivi, kwa birika dogo la vikombe viwili vya kahawa. Maji yawe yanachemka kweli, na hapo ndipo chupa ya maua mekundu ilipoingia kazini. Maji ya kwanza unamwaga baada ya sekunde chache. Ni ya kuosha vumbi na kulegeza jani, na kwa chai ya darini unaosha mara mbili. Bamkubwa alishika mkono wangu nilipomwaga. Milioni hizo, akasema, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Maji ya tatu tukayaacha sekunde kama kumi tukamimina kwenye vile vikombe vidogo vya kahawa. Rangi ilikuwa nyeusi yenye wekundu pembeni. Moshi ulikuwepo, siwezi kuwadanganya, kama kunywa karibu na jiko. Chini ya moshi kulikuwa na ile harufu ya udongo ambayo mama mkubwa aliiita kuoza mwaka ule, lakini bila maziwa ilikuwa kitu kingine kabisa, ile harufu ya ardhi ya kwetu mvua ya kwanza inapopiga baada ya miezi saba. Haikuwa chungu. Kinywani ilibaki utamu mdogo kama wa tende. Tukamimina maji tena, na tena. Majani yaleyale yalitoa mara nane kabla hayajachoka, kila mara unayaacha muda mrefu kidogo kuliko mara iliyopita. Jirani aliyekuja kuuliza habari za ng'ombe alipewa kikombe, akanywa, akauliza sukari iko wapi.

Mama mkubwa alikunywa vitatu bila kusema neno, kisha akasema kosa lake lilikuwa maziwa.

Kilichobaki, zaidi ya nusu, nimekihamisha kutoka dari. Kiko kwenye chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kimefunikwa kwa kitambaa safi, kwenye chumba cha mbele mbali na jiko, vitunguu na mafuta ya taa. Udongo unapumua na unapunguza ghafla za joto na baridi. Moshi utapungua ukipewa mwaka au miwili. Karatasi yenye maandishi bamkubwa ameibandika ukutani karibu na kalenda.

Juzi amenipigia. Yule kijana wa Dar kampigia tena kwa namba nyingine, ameshuka mpaka laki moja na nusu ya vipimo. Bamkubwa akamwambia amechelewa, tunainywa.